Fundi Aliyetuuliza Kopi Iko Wapi

Hakuwa na salamu ndefu. Alipofika mlangoni kwangu mjini Muyinga, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, alivua kofia yake ya kufuma, akaipigapiga gotini kutoa vumbi, akaitazama kompyuta kabla ya kunitazama mimi, kisha akasema, "Madamu, amani? Kopi iko wapi?"

Nina chumba kimoja karibu na soko, ninakochapa barua, maombi ya kazi, kadi za harusi na karatasi za kila namna. Watu wa hapa wanakiita sekretaria. Nilikifungua miaka michache baada ya wazazi wangu kurudi kutoka Tanzania, nilikokulia, na ndiyo maana wateja wananitania kwamba naongea Kiswahili cha redioni. Fundi hakunitania. Yeye alikuwa Mswahili wa mjini Gitega, wa zile familia za Kiislamu zinazoishi kwa biashara na ufundi, na aliongea Kiswahili chake bila kukiombea radhi. Zamani alitengeneza saa na redio. Redio zilipopungua mezani pake na kompyuta kuongezeka, alibadilisha bisibisi, meza ikabaki ile ile.

Kopi, kwa Fundi, haikuwa karatasi iliyotoka kwenye fotokopi. Ilikuwa nakala ya kila ulicho nacho ndani ya mashine, iliyokaa mahali pengine, na ambayo umeifungua mbele yake ukamwonyesha kwamba inafunguka. Mpaka hapo hakugusa kitu. Ungeweza kumsihi, kumtengenezea chai, kumwambia una wateja wamepanga foleni. Angekunywa chai, halafu akuulize tena.

Siku moja nilikuwa kibandani kwake Gitega alipoingia mwalimu wa kwaya kutoka Nyarusange na kompyuta ndogo kwapani. Alitaka atolewe kwenye mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta awekewe mpya, kwa sababu mashine ilikuwa inamletea maonyo kila asubuhi.

"Kopi iko?" Fundi akauliza.

"Iko, Fundi."

"Iko wapi?"

"Iko humu humu. Nimeweka kwenye folda ingine."

Fundi alifunika kompyuta taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. "Bon, sawa. Nyumba yako ikiungua, we utakimbilia chumba gani?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Nitakimbilia inje."

"Basi enda inje. Tafuta flashi, urudi."

Alirudi baada ya saa mbili na flashi tatu za kuazima. Ya kwanza ilikuwa na virusi, ile aina inayogeuza mafaili yote kuwa vijialama visivyofunguka. Ya pili haikusomeka. Ya tatu ilikubali, na Fundi akaufungua wimbo mmoja wa kwaya kwenye mashine yake mwenyewe, akausikiliza mpaka mwisho, macho ameyafumba. Mimi na mwalimu tulisimama tu tukimtazama.

"Iko mzima," akasema. "Lakini wamama wa sauti ya pili wanapanda juu sana."

Hapo ndipo ninapoanza kumcheka, kwa sababu mtu huyu alikuwa na neno alilomwapia kila mteja: "Mi sina macho, mi sina masikio." Alimaanisha kwamba vitu vya watu havimhusu. Na kweli, barua za mahakamani, picha za harusi, mazungumzo ya watu na wachumba wao, vyote vilipita mikononi mwake na hakuna hata neno moja lililovuja mtaani. Umbea mwingine wote wa Gitega aliujua na aliusambaza kwa furaha: nani amehama, nani amenunua ng'ombe, nani amegombana na shemeji yake. Lakini kilichotoka kwenye mashine ya mtu kilizama ndani yake kabisa. Sauti ya pili ya kwaya ile ndiyo siri pekee niliyowahi kumsikia akiitoa, na aliitoa mbele ya mwenyewe.

Vitu vyake vya kazi alivibeba ndani ya kibegi cha kalamu cha watoto wa shule, chenye picha ya twiga. Vumbi la ndani ya mashine alilipuliza kwa pampu ya baiskeli. Alifanya kazi amesimama, hata kazi ya saa sita, akisema kwamba fundi akikaa anaanza kubahatisha. Saa ya swala ilipofika aliacha kompyuta wazi, skurubu zimepangwa juu ya leso kwa mpangilio wa zilivyotoka, na ole wako uipige leso ile chafya.

Aliwahubiria watu wote subira, lakini alitembea kama mtu anayefukuzwa. Alitufundisha tusiamini umeme, tusiamini betri, tusiamini diski yoyote inayozeeka, na simu yake mwenyewe ilikuwa inazimika kila siku kabla ya adhuhuri. Ilikuwa simu ya vitufe, na namba za watu hakuziandika popote. Alizikariri. Nilimuuliza siku moja kopi ya kichwa chake iko wapi.

"Hiyo swali ni mbaya," akasema, akaendelea kufunga skurubu. Baada ya dakika kadhaa akaongeza, "Lakini ni ya kweli."

Jambo alilolivumbua mwenyewe, na ambalo sijawahi kulisikia kwa fundi mwingine, ni bahasha. Aligundua kwamba watu wakishatengeneza kopi wanaiweka kwenye droo iliyo chini ya kompyuta ile ile. Mwizi akija anachukua vyote. Paa likivuja vinalowa vyote. Kwa hiyo alianza kuwaoanisha wateja wake wa Gitega na wa Muyinga, watu wasiojuana kabisa. Kopi yako iliingia kwenye bahasha, ikafungwa kwa gundi, ukatia sahihi juu ya mfuniko, naye akaibeba kwenye mfuko wa ndani wa koti lake hadi kwa mwenzako. Ya mwenzako ikaja kwako. Kila mmoja alikuwa mlinzi wa mwingine.

Mimi alinipa Mama Mshonaji. Alikuwa mama wa Kiislamu wa Gitega anayeshona nguo za maharusi, na michoro yake ya darizi ilikaa kwenye kompyuta inayoendesha cherehani. Kwa mwaka mmoja na zaidi sikumwona uso, lakini diski yake ndogo ilikaa kabatini kwangu kati ya mashuka, na yangu ilikaa kwake. Tukaanza kupelekeana salamu. Mimi nilituma maharage ya kwetu Buhinyuza. Yeye akatuma sambusa, ambazo Fundi alikiri kwamba zilikuwa sita zilipotoka Gitega na nne zilipofika.

Sasa niseme kuhusu uvivu wangu, maana bila huo hadithi hii isingekuwepo.

Baba yangu alipoanza kudhoofika, kulikuwa na mvutano wa mpaka wa shamba letu huko Buhinyuza. Tulipokuwa Tanzania jirani alilima upande wetu, akaendelea kulima, na tuliporudi hakuna aliyekumbuka vizuri mstari ulipita wapi, isipokuwa baba. Nikamrekodi kwa simu, karibu saa tatu nzima, akieleza kila mti na kila jiwe. Simu ikajaa, nikahamishia sauti ile kwenye kompyuta na kuifuta kwenye simu. Fundi alipokuja akaniambia nifanye kopi mpya. Nikamwambia mwezi ujao. Mwezi uliofuata nikamwambia hivyo hivyo.

Mwezi wa tatu alivuta kigoda, akakaa. Yeye asiyekaa.

"Mi niko hapa," akasema.

"Fundi, nina kadi mia mbili za harusi za kuchapa."

"Chapa. Mi sikukatazi."

Alikaa tangu saa mbili asubuhi. Aliwasalimia wateja wangu wote, akawauliza na wao kopi ziko wapi, wawili wakaondoka. Saa nane mchana nilishindwa. Nilichomeka diski kwa hasira, nikanakili kila kitu, nikaifunga bahasha, nikatia sahihi nusura nitoboe karatasi. Aliitia mfukoni, akanishukuru kwa chai, akaondoka mbio mbio kama kawaida yake. Nilimnunia siku nzima.

Wiki tano baadaye baba alifariki.

Halafu mfumo wa zamani wa kompyuta yangu ukaachwa kuhudumiwa na walioutengeneza. Kila nilipowasha mashine, onyo. Fundi alikuwa ameshanieleza: tungoje aje, kwanza tuone kama mashine inaweza kubeba mfumo mpya, kisha kopi, kisha orodha ya programu zangu zote kwenye karatasi, kisha tuchague siku yenye umeme wa uhakika. Lakini mashine ilikuwa nzito kama gogo, na mteja mmoja akanihakikishia kwamba kazi yote ni kubonyeza "ndiyo" na kungoja. Alhamisi, saa nne asubuhi, nikabonyeza.

Ilikwenda vizuri. Asilimia thelathini. Hamsini. Nikapika chai. Ilipofika sitini na nne, umeme ukakatika mtaa mzima, na betri ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa zamani. Uliporudi alasiri, nilipata kioo cheusi na mstari mmoja wa Kifaransa ukisema hakuna mfumo uliopatikana.

Nikampigia. Kwa bahati simu yake ilikuwa bado ina chaji.

"Fundi, nimebonyeza."

"Umeme ulikuwako?"

"Ulikatika katikati."

"Betri?"

"Ilikufa."

"Bon. Usiwashe tena. Usiguse kitu. Funika kitambaa, uende ule."

Wakati ule mafuta yalikuwa ya shida na mabasi yalikuwa ya kubahatisha. Alifika Jumamosi juu ya lori la magodoro, pamba imemganda kwenye ndevu, akisema hajawahi kusafiri vizuri namna ile tangu azaliwe. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko maneno. Alifungua mashine, akatoa diski, akaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake, kisha akaweka sikio.

"Unasikia? Tik, tik. Hii disiki ilikuwa inachoka zamani. Umeme umeisukuma tu."

Alifanya kazi siku hiyo na ya pili yake. Barua nyingi zilitoka. Kadi zikatoka. Folda ya baba ilitoka pia, na majina yote ya mafaili niliyoyaandika mwenyewe yalikuwepo, lakini tulipoyabonyeza yalikuwa matupu. Nilitoka nje nikasimama barabarani. Kikao cha wazee wa kilima, ndivyo huku tunavyokiita kijiji, kuhusu mpaka kilikuwa kimebakiza siku tisa, lakini nikisema kweli, wakati ule sikufikiria shamba. Nilifikiria kwamba sitaisikia tena sauti yake.

Fundi alinifuata. "Madamu. Ile siku ulinuna, ulinakili yote?"

"Yote."

"Basi vaa viatu."

Tulipata gari Jumatatu, tukafika Gitega mchana. Mama Mshonaji alikuwa mwanamke mrefu, pini zimepangwa begani, na kabla ya salamu alinipima kwa macho kutoka mabega hadi kiuno.

"Kumbe ndio we Muyinga," akasema. "Mi nilifikiri uko mnene. Kwa maandishi yako."

Alitoa bahasha chini ya rundo la vitambaa vya mahameli. Gundi ilikuwa nzima, na sahihi yangu ya hasira ilikuwa pale pale. Nilinyoosha mkono nichomeke diski, Fundi akanizuia.

"Oya, hapana. Kwanza tunafanya kopi ya kopi. Sasa hii iko moja tu duniani."

Ilichukua saa moja na nusu. Sijawahi kumchukia mtu kwa saa moja na nusu kama nilivyomchukia yeye siku ile, huku Mama Mshonaji akinilisha na kunieleza maharusi wote waliomsumbua mwaka huo. Hatimaye Fundi aliniwekea kompyuta mbele. "Fungua we mwenyewe," akasema, akatoka nje na kumwashiria mama naye atoke.

Nilibonyeza. Baba alikohoa, akauliza kama kile kitu kinashika sauti, akaambiwa na mimi kwamba ndiyo baba, ongea. Akaongea. Nilisikiliza dakika kama ishirini. Nilipotoka, Fundi alikuwa amesimama uani akiukodolea macho ukuta usio na kitu.

Kule Buhinyuza wazee waliketi, na sauti ikachezwa kwenye spika ndogo niliyoazima. Jirani yetu alikuja amekunja uso. Lakini katikati ya mazungumzo baba alisimulia jinsi yeye na baba wa yule jirani walivyopanda pamoja miti ya mpaka, wakagombania jembe moja, mwishowe wakacheka wakaenda kunywa. Jirani aliomba sehemu ile irudiwe. Ikarudiwa mara tatu. Alisema hajamsikia mtu akimtaja baba yake kwa miaka mingi. Kisha akainuka, akatupeleka mwenyewe hadi kwenye jiwe la mpaka, ambalo kumbe alilijua siku zote.

Kompyuta yangu ilipata diski mpya na mfumo mpya mwezi uliofuata, na ndipo nilipoona kazi ile inavyofanywa na mtu anayeijua. Fundi alikagua kama mashine inatosha. Akaniandikisha programu zote kwa kalamu, na maneno ya siri niliyokuwa nimeiachia mashine iyakumbuke, na jina kamili la printa. Tulinakili, tukafungua mafaili kumi ya kuchaguliwa ovyo. Halafu, kabla ya kuanza, akachomoa diski ya kopi na kuipeleka nyumba ya pili kwa muuza dawa.

"Kopi haikai mezani wakati wa operesheni," akasema. "Kitu kikikosea hapa, yenyewe haiko hapa."

Betri mpya, waya ukutani, umeme upo. Akaninyooshea kidole kwenye kitufe. "Sasa bonyeza. Huu ndio wakati wake." Tulikula mihogo wakati mashine inajizima na kujiwasha. Kufikia alasiri nilikuwa nachapa kadi.

Kisha miaka ikampunguzia mwendo. Macho yakaanza kumsumbua, barabara ikawa ndefu, na zile Jumanne akaanza kuja mpwa wake wa kike, mwanamke makini aliyefundishwa naye, anayekaa kitini akifanya kazi na bado hakosei. Karibu mwaka mzima sikumwona Fundi.

Mwezi uliopita, asubuhi, mtu mwenye kanzu iliyopigwa pasi na koti jeusi aliingia sekretaria yangu. Ilibidi nimtazame mara mbili.

"Madamu, mi nataka barua," akasema.

"Karibu Fundi. Barua ya nini?"

"Ya kuposa."

Nilikwenda kurudisha mlango kidogo. "Nani anaoa?"

"Mi."

Nilijitahidi nisitabasamu sana. Mke wake alifariki kabla sijamfahamu, na wote tulidhani amezoea kuishi peke yake. "Ni Mama Mshonaji?"

"Yule?" Alishtuka kweli. "Na yule tungegombana kabla ya chai."

Mchumba mwenyewe alikuwa mjane anayeuza vitenge hapa hapa Muyinga, mama mpole mwenye duka la pembeni ya msikiti, niliyemjua kwa sura. Barua ilikuwa iende kwa kaka yake mkubwa.

"Na yeye mwenyewe anajua?"

"Ni yeye aliniambia niandike. Alisema amechoka kungoja."

Nikafungua ukurasa mpya. Fundi alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma, akaanza kunisomea. Alisema maneno ya heshima kwa kaka, akayafuta, akasema mengine mafupi zaidi. Alitaja kwamba ana nyumba yenye paa zuri, kwamba anaswali, kwamba watoto wake wamekubali.

"Andika tena: macho yangu yameanza kuchoka. Kwa mbali naona, kwa karibu naona kidogo."

"Fundi, hilo si lazima kwenye barua ya posa."

"Andika. Asije akasema nilimficha."

Nikaandika. Nikamsomea barua nzima polepole, akaitikia kwa kichwa kila mstari, akaomba niondoe neno moja la kujisifu kuhusu paa.

"Hapo chini sasa weka jina," akasema.

Nikaweka vidole kwenye herufi, vikabaki hapo hapo. Miaka yote hii, chai yote ile, lori la magodoro, uani kwa Mama Mshonaji, na sikuwahi kumuuliza. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Fundi," nikasema, "jina lako ni nani?"

Alinitazama, akacheka mpaka akatafuta kiti, akakaa. Alipopumua vizuri alinitajia, herufi moja moja, mimi nikichapa nyuma yake, kwa sababu lilikuwa na herufi mbili ambazo watu hukosea. Akainama karibu kabisa na kioo, pua inakigusa, lakini hakuweza kulisoma.

"Nisomee."

Nikamsomea, jina lake na la baba yake.

"Ndio mi," akasema.

Nikamtolea barua kwenye printa.